Kioo Kilichochukia Wageni

Nyinyi mnaoanza ufundi leo mna tabu moja ambayo sisi hatukuwa nayo: vyombo vyenu vina adabu mno. Televisheni ya zamani ikiumwa ilisema. Ilinuka, ilivuma, ilirusha cheche, au ilibana picha yote ikawa mstari mmoja mweupe katikati, na fundi akajua pa kuanzia. Hizi za sasa zinazima kidogo, zinawaka, kisha zinakutazama kana kwamba hazijafanya kitu. Mwenye nyumba anaapa kuwa inazimazima. Wewe unakaa mbele yake asubuhi nzima na haizimi. Unakunywa chai ya watu, unaaga, hujafika hata kwenye kona na simu inaita.

Mimi kazi nimeshaacha. Nakaa zangu Michenzani, kwenye yale majumba marefu, natengeneza redio za majirani ili mikono isisahau, na mke wangu Mwanaisha ananigombeza kwa skrubu anazozikuta kwenye shuka. Mnapokuja kuniuliza juu ya vioo vinavyozimazima mnadhani nitakupeni dawa. Nitakupeni kisa. Na nakuonyeni mapema kwamba kazi yenyewe niliimaliza bila ya kuielewa sawasawa.

Nyumba ilikuwa Kiponda, ya Bi Salha, ghorofa ya pili, moja ya zile nyumba za mawe na chokaa ambazo ukiegemea ukuta unatoka na bega jeupe. Bi Salha alikuwa na binti mmoja tu, Nasra, anayefanya kazi ya kupokea wageni kwenye hoteli moja kule Kiwengwa. Baba yake Nasra, Bwana Nassor, yuko Maskati miaka mingi. Alikwenda kwa kazi, akabakishwa na maradhi. Figo zake zimechoka, anasafishwa damu kila baada ya siku chache, na madaktari wamemkataza kupanda ndege.

Nasra akaja kuposwa. Kijana ni Suleiman wa Malindi, ya hapa hapa mjini, watu wa heshima, na Nasra mwenyewe alikuwa anamtaka, hilo halikuwa siri. Kwa kawaida baba akiwa mbali humuweka ndugu yake, jibu likatoka, haluwa ikaliwa. Bwana Nassor akakataa. Alisema mtoto wake ni mmoja na hatamtoa kwa mdomo wa mtu mwingine. Anataka awatazame wazee wa Suleiman machoni, na wao wamtazame, ndipo aseme.

Basi Nasra akapanga mambo. Kompyuta yake ya mezani akaiweka kwenye kona ya sebule, kamera juu ya televisheni kubwa ya ukutani, picha ikawa inakwenda kwenye televisheni kwa waya mrefu wa HDMI uliozunguka chini ya ukuta, na sauti ikatoka kwenye spika mbili za pembeni. Walijaribu mara kadhaa, baba, mama na binti, na kila kitu kikawa sawa.

Siku ya posa wakaja ami yake Suleiman na shangazi yake, Bi Raya, pamoja na wazee wengine wawili. Wakakaribishwa, wakakaa, kahawa ikapita. Bwana Nassor akawasalimia kutoka kwenye kioo, wakapokezana habari za mgonjwa na habari za nyumbani. Kisha ami akaleta maneno yake, na Bwana Nassor akakohoa akaanza: "Basi mimi kwa upande wangu..."

Kioo kikawa cheusi. Lakini sauti haikukatika. Bwana Nassor, asiyejua kitu, akaendelea kuzungumza kutoka ndani ya ule weusi, sauti imetulia kabisa, kama mtu anayesema nyuma ya pazia. Picha ikarudi. Watu wakacheka kidogo, wakamuomba arudie. Akaanza kurudia, kioo kikazima tena.

"Audhubillahi," Bi Raya akasema, na akavuta buibui lake.

Wakaondoka kwa adabu, wakisema watarudi siku yenye mtandao mzuri. Mtandao haukuwa na kosa lolote, na wao walijua, kwa sababu sauti ilikuwa safi muda wote.

Kesho yake Bi Salha akaniita. Kabla sijashika bisibisi nilifanya kama alivyonifundisha Fundi Khalfani, aliyekuwa na duka la kutengeneza vyombo Darajani nilipokuwa kijana. Yeye chombo cha mtu hakifungui mpaka akae na mwenyewe, amuulize nini kingine kilikuwa kinawaka wakati mambo yanaharibika. Watu walikuwa wakimcheka, wakisema ni fundi wa maneno. Lakini alimaliza kesi nyingi kwa kuuliza tu, kwa sababu umeme wa nyumba moja ni familia moja. Mmoja akishtuka, mwengine anaweza kuangusha kikombe.

"Nini kilikuwa kinawaka, Bi Salha?"

"Friji, Fundi. Na feni. Na taa ya hapa."

"Na kingine?"

"Kingine nini? Hapana kitu."

Nikazima friji nikaiwasha. Nikazungusha feni kasi zote. Nikamuomba jirani wa chini awashe mota yake ya maji, na mota ile ikianza hata taa zinapepesa. Televisheni ikanitazama tu. Nikaweka stabilaiza, nikidhani umeme unapungua wageni wakiwepo maana kila nyumba inapika. Nikafungua vichwa vya waya wa HDMI, nikakuta kutu kidogo ya chumvi, jambo la kawaida kwetu hapa kwa hewa hii, nikavisafisha kwa spiriti, nikavichomeka mpaka mwisho. Nikakaa na Bwana Nassor kwenye kioo mpaka tukaishiwa na maneno. Tulizungumza mpira, tukazungumza bei za samaki, nikamjua mpaka jino lake lililong'oka. Kioo hakikuzima hata mara moja.

Nikamwambia Bi Salha imekwisha, awaite wageni.

Wakaja. Kioo kikakaa vizuri wakati wa salamu, kikakaa vizuri wakati wa kahawa, na ami alipomaliza kusema na Bwana Nassor alipofungua kinywa, kikazima. Kikarudi, kikazima. Safari hii Bi Raya alisimama tu, na akisimama yeye wote wanasimama. Habari ikafika Malindi kabla yao, ikarudi Kiponda ikiwa imenona: sebule ya Bi Salha ina mwenyewe, jini, na mwenyewe hataki binti atoke. Ami yake Suleiman, mtu mpole, akatuma salamu kuwa watakuja mara moja tena kwa ajili ya heshima ya mgonjwa. Mambo yakiwa yale yale, basi kila mtu atafute heri yake kwengine.

Mnajua mtakachoniuliza, kwa sababu hata mimi niliuliza. Kwa nini wasitumie simu tu, ikapitishwa mkononi? Bi Salha alinijibu akiwa anakunja khanga, na macho yake mekundu.

"Fundi, nikihamia kwenye simu nshakubali maneno yao. Watu watasema Bi Salha ameikimbia sebule yake mwenyewe. Nani tena atakuja kuposa hapa?"

Nasra alikuwa amekaa kwenye ngazi. Aliniangalia kwa namna ambayo niliporudi nyumbani sikula. Nilimuonea huruma, na nilijionea haya, maana mimi ndiye niliyesema imekwisha.

Sasa sikilizeni jinsi akili ya fundi inavyopotea. Nilikaa nikafikiri: wageni wakija, inazima. Nikija mimi, haizimi. Wageni wana nini ambacho mimi sina? Nikajibu: wageni wana uzito. Msicheke. Nyumba zile sakafu zake zinabebwa na boriti, na boriti za zamani zinanepa. Wakikaa watu wengi, sakafu inashuka kidogo, ukuta unavutwa, waya unatikisika kwenye tundu lake. Niliona nimepata. Asubuhi nikaenda Kiponda nikawakusanya Bi Salha, Nasra, jirani wa chini, na wauza kahawa wawili waliokuwa barazani, nikawaomba waruke.

"Turuke?" mmoja akauliza.

"Rukeni kwa pamoja. Nikisema moja."

Wakaruka. Vumbi la chokaa likashuka kutoka juu, kikombe kikavunjika kabatini, mtu aliyebaki chini akapiga kelele za kuuliza nani amekufa. Kioo kikabaki na picha nzuri ya Bwana Nassor kule Maskati akitutazama tunavyoruka.

"Salha," akasema, "hao nao ni wageni wa posa?"

Nasra alicheka mpaka akakaa chini, na nilifurahi kumuona anacheka, lakini mimi nilikuwa sina tena pa kushika. Nikabadilisha waya, nikaleta mwengine mpya wa urefu ule ule. Nikabadilisha tundu nyuma ya televisheni. Nikakichukua kioo kizima nikakiweka kwangu Michenzani siku kadhaa, Mwanaisha akatazama tamthilia zake zote bila ya kasoro. Nikakirudisha. Wanangu, sikufichini: kuna asubuhi moja nilikuwa peke yangu katika sebule ile, tester mkononi, na nikajikuta nasoma Ayatul Kursiyyu. Niliisoma mpaka mwisho, kisha nikapima tena soketi. Umeme ulikuwa sawasawa.

Aliyenitoa ni mke wangu, na wala hakukusudia. Bi Salha kwa mawazo yale akapanda presha, na Mwanaisha akasema si adabu mimi kuingia na kutoka nyumba ya watu na yeye hajakwenda kumuangalia. Tukaenda wote, mchana baada ya sala ya adhuhuri, mimi kanzu na kofia, bila ya begi la vyombo. Nasra akatuwashia televisheni tukae na kipindi cha mapishi, akitumia kompyuta ile ile na waya ule ule. Tukaletewa juisi ya ukwaju, na visheti. Bi Salha, mgonjwa hivyo hivyo, akainuka kitandani kwa ajili ya mke wangu.

Tulikuwa katikati ya maneno ya dawa za presha, kioo kikazima.

Niliruka kwenye kiti. Kikarudi. Baada ya muda kikazima tena. Mwanaisha anasema niligeuka rangi, na naamini, maana nilichokifikiria wakati ule ni kuwa sasa na mimi nimekuwa mgeni, na huyo mwenyewe ameniona. Nikatazama kila pembe ya chumba nikitafuta kitu ambacho asubuhi huwa hakipo. Juisi. Visheti. Mke wangu. Harufu.

Harufu! Chumba chote kilikuwa kinanukia udi. Pembeni ya kochi, nyuma ya mto, kilikuwepo chetezo cha umeme, kidogo, cha rangi ya dhahabu, katika zawadi zinazotoka Maskati siku hizi. Huna haja ya makaa, unachomeka tu, unaweka kipande cha udi juu ya bati, kikishika moto chenyewe kinajizima, kikipoa kinajiwasha. Na kimechomekwa kwenye ekstensheni ile ile ya kompyuta na televisheni, na waya mrefu wa HDMI umelazwa bega kwa bega na ekstensheni hiyo ukuta mzima. Nikainama nikategea sikio. Kikalia tik, sauti ndogo ya bati linaloachia. Kioo kikazima.

"Bi Salha!" nikapiga ukelele. "Nlikuuliza nini kilikuwa kinawaka!"

"Nkakwambia. Friji, feni, na taa."

"Na chetezo je?"

Alinishangaa kwa dhati. "Chetezo? Fundi, hicho si chombo cha umeme. Hicho ni udi."

Na mimi siwezi kumlaumu. Ningemuuliza mwanamke yeyote wa mji huu angenijibu hivyo hivyo. Kutia udi ni makaribisho, mtu hahesabu makaribisho pamoja na friji. Na asubuhi zote zile nilizokwenda na begi langu hapakuwa na udi, kwa sababu fundi hafukizwi. Fundi anapewa chai na anaonyeshwa soketi. Wageni wa posa ndio waliofukizwa, na chetezo huchukua muda kupata moto, ndiyo maana salamu zilipita salama na kahawa ikapita salama, na zamu ya baba kujibu ikifika ndipo bati lile linapoanza kuachia na kushika.

Vijana wa chuo hunisahihisha hapa. Wananiambia cheche ndogo ndani ya swichi ile inarusha wimbi, waya wa picha ukiwa mrefu na dhaifu unalidaka, televisheni inapoteza mawasiliano na kompyuta mpaka wapatane tena. Nakubali. Lakini mota ya jirani ina cheche kubwa zaidi na haikufanya kitu, na mtu akinieleza kwa nini, nitamsikiliza kwa hamu. Baadaye Nasra alinichukua mpaka hotelini kwao, kuna kioo cha ofisini kilichokuwa kinazima kila mtu akiinuka kwenye kiti. Kiti chenyewe ni cha magurudumu, hakigusani na waya wowote, kinapanda na kushuka kwa gesi. Nilikaa nikainuka, nikakaa nikainuka, kioo kinazima kinawaka, wazungu wanapita wananitazama. Tukaweka waya mfupi mnene, tatizo likaisha. Kiti kile mpaka leo sijakielewa.

Kwa hiyo nikikwambieni kitu, ni hiki tu. Waya wa picha uwe mfupi kadiri inavyowezekana, usilazwe pamoja na wa umeme, na vikilazimika kukutana vipishane msalaba. Msibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, mtajidanganya. Na mkienda kuangalia nyumba, nendeni pia saa ambayo watu wanaishi, si saa ya fundi tu.

Nilimwambia Bi Salha dawa ni rahisi, siku ya wageni asitie udi. Angekuwa na nguvu angenipiga.

"Posa bila ya udi? Hiyo itakuwa posa au mkutano wa skuli?"

Basi chetezo cha dhahabu kikarudi kwenye boksi, na Nasra akatafuta kile cha udongo cha zamani na makaa. Mimi nikaileta kompyuta karibu na kioo, nikaweka waya usiozidi urefu wa mkono wangu, nikaupitisha juu, mbali na kila kitu. Tukajaribu na udi ukiwaka na watu wamekaa. Sikusema imekwisha.

Siku ya mara ya mwisho Bi Salha akaniita nikae miongoni mwa wenyeji, na nafikiri alinitaka karibu na kioo. Wakaja wale wale. Bi Raya alikaa ukingoni mwa kochi, pochi mapajani, tayari kuinuka. Nasra alikuwa chumba cha ndani, mlango umeachwa wazi kidogo. Makaa yakapitishwa, kahawa ikapitishwa, ami yake Suleiman akasema maneno yake kwa mara ya tatu, yale yale, kwa utulivu ule ule. Kisha sote tukageuka kumtazama Bwana Nassor.

Hakusema kitu. Picha yake ilikuwa wazi kabisa, amevaa kofia ya viua, mdomo umefunguka kidogo, na hakuna kinachotikisika. Tukangoja. Spika kimya. Nikaona midomo ya Bi Raya inaanza kusoma, na mkono wake unashika pochi. Picha imeganda, nikasema moyoni, imeganda na sauti imekwenda nayo, na hili sasa ni jambo jipya kabisa ambalo silijui hata jina. Nikainuka. Nikaenda mpaka kwenye televisheni mbele ya watu wote, nikapeleka mkono nyuma, nikaushika waya.

"Kaa, Fundi," Bi Salha akasema polepole. "Haijaharibika. Analia."

Nikamtazama karibu. Alikuwa amejizuia kwa nguvu zake zote, ndiyo maana hakutikisika, lakini machozi yalikuwa yanashuka kwenye ndevu. Nikasubiri Bi Raya asimame. Aliiweka pochi yake chini, pembeni ya mguu.

"Muacheni baba wa watu," akasema. "Sisi hatuna haraka."

Bwana Nassor akajifuta kwa mkono wa kanzu. Akamtazama ami yake Suleiman machoni, kama alivyosema tangu mwanzo kuwa atafanya.

"Nimempa," akasema. "Mungu awabarikie. Ila nna sharti moja. Wakishaoana, Suleiman amlete Maskati. Nimechoka kumuona mwanangu kwenye kioo."

Nyuma ya mlango ule ulioachwa wazi tukamsikia Nasra naye analia. Nikauachia waya, nikarudi kukaa mahali pangu.